Panya wasio na uvimbe hawawezi kumjibia mgonjwa

Kila ninapoeleza kazi ya kupima mimea dhidi ya madhara ya sisplatini, dawa ya saratani, kwenye figo, hapa Mwanza hakosekani mtu wa kuhitimisha kwamba mgonjwa anayetibiwa saratani katika hospitali ya Bugando anywe maji ya mlonge kabla ya kila dripu, kwa kuwa panya wa maabara walisalimika. Hitimisho hilo ni la hatari.

Utaratibu wenyewe ni mfupi: panya hunyweshwa mchujo wa mmea kwa siku kadhaa, huchomwa sindano moja ya sisplatini tumboni, na baada ya siku 3 hadi 5 hupimwa kreatinini na yurea, taka za damu zinazopanda figo zikiumia, kisha figo hutazamwa kwa hadubini. Michujo mingi hushusha kreatinini. Hilo silipingi, ijapokuwa kreatinini hutoka kwenye misuli, na panya aliyekondeshwa na dawa huweza kuonekana mzima kuliko alivyo.

Ninalolipinga ni kusahau kwamba kwa kawaida panya hao hawana saratani. Mchujo unaozuia sisplatini isiingie kwenye seli za mirija ya figo, au unaoipunguzia makali ikishaingia, unaweza kuukinga uvimbe wa saratani kwa njia hiyohiyo, nasi tukashangilia figo huku ugonjwa ukiendelea kukua. Hofu hii ina msingi. Thiosalfeti ya sodiamu, ambayo hufungamana na sisplatini na kuikata nguvu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 ili kulinda usikivu wa watoto, lakini ni kwa wale ambao uvimbe wao haujasambaa, na huanza kutolewa saa 6 baada ya sisplatini kwisha ili dawa iwe imekwisha kufanya kazi yake. Ikiwa kemikali moja safi, yenye kipimo kinachojulikana, inawekewa masharti hayo, sioni vipi majani yaliyochemshwa kwa kukadiria yaachwe bila sharti lolote.

Tena panya wetu huanza wakiwa na figo nzima, ilhali mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi huweza kufika hospitali uvimbe ukiwa umeshabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Kwake kinga inayotegemewa ni maji ya dripu ya kutosha, pamoja na madini ya magnesiamu, na vipimo vya damu kabla ya kila dozi. Akiwa anakunywa mmea wowote, amwambie daktari, kwa sababu kreatinini ikipanda dozi ya sisplatini hupunguzwa au kusimamishwa, na daktari asiyejua habari za mmea huo ataitupia lawama dawa peke yake.