Maombolezo: sala ya mtu aliyeumizwa ambaye bado anazungumza na Mungu

Katika mapokeo ya Biblia, maombolezo ni sala ambayo mtu aliyeumia humpelekea Mungu mwenyewe malalamiko yake, bila kuyapunguza makali na bila kuondoka mbele zake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoyatenga na manung'uniko. Katika sura ya 14 ya kitabu cha Hesabu, Waisraeli walilia usiku kucha, wakasema heri wangalikufa Misri, kisha wakaambiana wao kwa wao wamchague kiongozi wa kuwarudisha huko. Walisema mengi juu ya Mungu, lakini hawakumwambia yeye neno. Mtunga Zaburi ya 13 ana ukali usiopungua huo, kwa kuwa anauliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", ila swali lake analielekeza kwa yule yule anayemtuhumu kuwa amemsahau.

Waamini wengi waliokatishwa tamaa hawajui kwamba sala ya namna hii inaruhusiwa. Msibani huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na padri au mchungaji husoma kaburini maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na jina lake libarikiwe. Maneno hayo ni ya kweli, na wako wanaofarijika nayo. Tatizo ni kwamba yanatoka katika sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42, na Ayubu mwenyewe hakuishia hapo. Katika sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na katika sura nyingi zinazofuata anamdai Mungu ajitokeze amweleze kosa lake ni lipi, huku rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wakimtetea Mungu kwa hoja ambazo hata leo zingepigiwa makofi kanisani. Mwishoni, katika 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Sidhani kama kuna aya nyingine inayopaswa kumtuliza zaidi mtu anayeona haya kwa sababu ya hasira aliyo nayo kwa Mungu.

Kwa umbo, maombolezo huwa na sehemu zinazotambulika, na Zaburi ya 13 ni mfano mzuri kwa kuwa ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko, na swali la "hata lini" linarudiwa mara nne. Aya ya tatu na ya nne ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Katika mbili za mwisho mwombaji anasema kwamba amezitumainia fadhili za Mungu na kwamba atamwimbia. Msomaji mwangalifu ataona kwamba kati ya aya ya nne na ya tano hakuna habari yoyote mpya: adui hajaondoka, wala jibu halijafika. Kinachoonekana ni mtu ambaye, baada ya kusema yote, amepata nafasi ya kutumaini, na pengine asingeipata kama angeanza na sifa huku moyo ukiwa umefungwa.

Hata hivyo mgeuko huo si sharti. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, bila neno hata moja la faraja baada ya hapo, na Wayahudi na Wakristo wameendelea kuisali kwa karne nyingi bila kuiongezea mwisho mtamu. Kitabu cha Maombolezo, kinachoulilia mji wa Yerusalemu ulioangamizwa na Wababeli mwanzoni mwa karne ya sita kabla ya Kristo, kina sura tano, na aya zake maarufu kuhusu rehema ambazo ni mpya kila siku asubuhi zimo katikati, katika sura ya tatu. Baada ya hapo kilio kinarudi, na kitabu kinafungwa kwa wasiwasi kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake kabisa. Mtu anayejisikia ana imani Jumapili na kukosa hata neno la kusali Jumatano asidhani kwamba amerudi nyuma. Kitabu kizima cha Maombolezo kimeandikwa kwa mwendo huo.

Maombolezo yanahusu upendo pia, si imani peke yake. Katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, Yesu anapata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, naye anakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa, ingawa mwandishi ametangulia kusema wazi kwamba aliwapenda Martha, dada yake Mariamu, na Lazaro ndugu yao. Anapofika, kaka mtu amekwisha kuzikwa. Martha anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," na baadaye Mariamu analeta lawama ile ile karibu neno kwa neno. Yesu hamkemei yeyote kati yao. Kwa Martha anajibu kwa mazungumzo, kwa Mariamu anajibu kwa machozi. Lawama hiyo ingekuwa haina maana kwa mtu wasiyempenda, kwa sababu hakuna anayeumia kwa kuchelewa kwa mtu ambaye hakumtarajia.

Jambo hili halijulikani kwa Wakristo peke yao. Katika Sura Yusuf ya Kurani, Nabii Yaakub, ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe, anasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Sura hiyo hiyo ndiyo inayomnukuu akisema kwamba subira ni njema. Kwake kusubiri na kumshitakia Mola havikupingana.

Yapo majeraha ya aina nyingine, nayo ni magumu zaidi: yale yanayotokana na watu wanaobeba jina la Mungu, kama kiongozi wa kiroho aliyetumia vibaya imani aliyopewa, au ndugu wa kanisani aliyetoa siri. Zaburi ya 55 ni maombolezo ya mtu wa namna hiyo. Anasema angevumilia kama angetukanwa na adui, lakini aliyemtenda ni rafiki aliyejuana naye sana, ambaye walitembea pamoja nyumbani mwa Mungu. Anatamani mabawa kama ya njiwa aruke akakae mbali jangwani. Ndani ya zaburi hiyo hiyo, baada ya uchungu huo wote, ndimo linamotoka agizo ambalo watu hulibandika ukutani bila kujua chanzo chake, la kumtwika Bwana mzigo wako. Mwombaji anaambiwa amtwike Mungu mzigo. Haambiwi popote humo arudi kwa yule rafiki na kumwamini kama zamani. Kumtumaini Mungu tena na kumpa tena nafasi aliyekudhuru ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewarudisha wengi mikononi mwa watu waliowaumiza.

Vilevile kuna uchungu unaotokana na ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Mtu aliambiwa kwamba akifunga, akitoa sadaka ya kutosha na kukiri kwa kinywa, mtoto atapona au kazi itapatikana, naye alifanya yote hayo. Maombolezo humsaidia kwa sababu hayamlazimishi aamue siku hiyo hiyo nani amekosea. Anaruhusiwa kuuliza kwanza, na katika kuuliza hutenganisha polepole Mungu aliyehubiriwa na Mungu anayezungumza naye. Habakuki alianza kitabu chake kwa kulalamika kwamba analia na Mungu hasikii, akalimaliza swali lake katika sura ya tatu kwa kusema kwamba hata mtini usipochanua, mashamba yasipotoa chakula na zizi likose ng'ombe, atamfurahia Bwana. Maneno hayo hayana sharti la mavuno ndani yake, lakini ni ya mtu aliyekwisha kubishana, si ya mtu aliyekatazwa kubisha.

Kwa anayemsindikiza mtu wa namna hii, mfano bora tulio nao ni wa rafiki za Ayubu kabla hawajafungua vinywa. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona kwamba huzuni yake ni kubwa mno. Makosa yao yalianza walipoona ni wajibu wao kueleza. Na kabla hawajasamehewa, Mungu aliwatuma kwa Ayubu ili yeye, aliyelalamika sura zote zile, awaombee.