Madirisha ishirini si dirisha moja mara ishirini

Mteja akiingia karakanani na kusema, "Fundi, nina madirisha ishirini ya kuwekea grili, nipe bei ya jumla," mafundi wengi ninaowajua hukata asilimia 10 hapo hapo, wamesimama, gilenda ya kukatia chuma bado mkononi. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mteja hana kosa, maana sote tumelelewa sokoni, na anayechukua fungu kubwa hategemei kulipa sawa na anayechukua moja. Ila muuza nyanya ameshanunua tenga zima kwa bei ya chini. Mimi nachomelea grili, na kila grili inanidai chuma chake, umeme wake na jasho lake. Kabla ya kupunguza najiuliza kwanza: hiyo pesa ninayoiachia inatoka wapi?

Tuchukue dirisha la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.4. Nafanya fremu ya flatiba, yaani chuma bapa, halafu nasimamisha vyuma 10 vya mraba vya milimita 12. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme kila chuma cha mita 6 kinanifikia kwa shilingi 20,000. Dirisha moja linataka vyuma 3 vya kusimamisha na kimoja cha fremu, jumla 80,000. Vijiti vya kuchomelea, diski, rangi na umeme wa LUKU ni 15,000, na ufundi pamoja na saidia fundi 25,000. Hiyo ni 120,000. Nauza 150,000, nabaki na 30,000.

Ukikata asilimia 10, mteja anaona 15,000. Kwako wewe hiyo ni nusu ya faida. Hapa ndipo wenzangu wengi wanapoteleza: asilimia inakatwa kwenye bei nzima, lakini anayeilipa ni ile faida peke yake.

Sasa rudi kwenye mkato. Chuma cha mita 6 kinatoa vipande 4 vya mita 1.4, kinabaki kipisi cha sentimita 40. Dirisha moja linahitaji vipande 10, kwa hiyo nanunua vyuma 3 na natumia viwili na nusu. Kwa madirisha 20 nahitaji vipande 200, yaani vyuma 50. Kama ningefanya moja moja, ningenunua 60. Vyuma 10 vimeokoka, sawa na 200,000, au 10,000 kwa kila dirisha. Hiyo ni akiba ya kweli, na mteja ana haki ya kugawiwa. Hata nikimshushia hadi 135,000, gharama yangu imeshuka hadi 110,000, na bado nina 25,000 mkononi.

Kwenye fremu hakuna akiba yoyote. Fremu inakula mita 5.2, inabaki sentimita 80, uwe na dirisha moja au mia.

Kisha badilisha kipimo kimoja tu. Urefu uwe mita 1.55 badala ya 1.4. Chuma kile kile sasa kinatoa vipande 3, na kipisi cha mita 1.35 kinabaki kinakutazama. Vipande 200 vinataka vyuma 67. Kama ulitaja bei ya dirisha kwa macho tu na ukakata asilimia 10 juu yake, gharama ni 127,000, bei 135,000, faida 8,000. Ni sentimita 15 tu. Kwa madirisha 20, tofauti ni kati ya kuondoka na 500,000 na kuondoka na 160,000, kwa kazi ile ile na mteja yule yule mwenye furaha. Ndiyo maana sitaji bei kabla sijapeleka futi yangu saiti, hata mteja akinitumia vipimo kwa simu. Vipimo vya simu vina tabia ya kukua.

Kwenye ufundi pia kuna akiba, lakini ina masharti. Grili ya kwanza inachelewa kwa sababu natengeneza kalibu juu ya meza: vizuizi vya kushika fremu, alama za nafasi kati ya chuma na chuma. Kuanzia ya tatu saidia fundi hapimi tena, anapanga na mimi naunga. Ila kalibu inafaa kipimo kimoja tu. Mtu akikuletea madirisha 20 yenye saizi 6, dirisha la choo humo, la jikoni humo, amekuletea kazi ndogo 6 zilizofungwa kamba moja. Nahesabu yanayofanana. Wingi peke yake haunishtui. Kufunga ukutani nako hakushuki kabisa, kila ukuta una ukorofi wake.

Kuna gharama nyingine haionekani kwenye karatasi. Wiki mbili karakana imejaa grili za mtu mmoja, mama mwenye geti lililong'oka bawaba anafika, anaambiwa njoo Jumatatu, anakwenda kwa jirani. Huyo alikuwa analipa taslimu bila kuomba kupunguziwa.

Lililonifundisha zaidi lilikuwa kazi ya madirisha 30. Mzee mmoja mstaarabu sana, maneno matamu: "Kijana wangu, nifikirie, kazi ipo nyingi, na nyumba nyingine inakuja." Nikampa 135,000 kila moja tangu la kwanza. Tulipofika la 8 akasema mambo yamebana, tutaendelea Mungu akipenda. Mpaka leo. Nilikuwa nimempa punguzo la madirisha 30 kwa kazi ya madirisha 8, na zile 120,000 za punguzo sikuwa na mahali pa kuzidai. Kumfuata ningemwambia nini?

Tangu hapo punguzo langu linakaa mwishoni. Naandika kwenye makadirio: dirisha la 1 hadi la 5 ni 150,000; la 6 hadi la 12 ni 145,000; kuanzia la 13 ni 135,000. Kwa 20 jumla inakuja 2,845,000, kwa hiyo mteja amepunguziwa 155,000 katika zile 200,000 nilizookoa kwenye chuma. Akiishia la 8, nimeachia 15,000 tu. Na advansi, pesa ya kuanzia kazi, lazima itoshe kununua chuma chote cha awamu iliyo mezani, kwa siku moja, kwa sababu bei za chuma pale Gerezani, Dar es Salaam, hazimsubiri mtu.

Angalizo: bei ya chini ihusu madirisha ya awamu hiyo pekee. Fundi mwenzangu aliwahi kuandika kwamba ukichukua 10 au zaidi, kila moja ni 135,000. Madirisha 9 kwa 150,000 ni 1,350,000. Madirisha 10 kwa 135,000 ni 1,350,000. La kumi kalitoa bure, na chuma chake kakinunua yeye.

Mteja akiendelea kubana, sigusi bei tena, namuongezea kitu. Vile vipisi 20 vya flatiba vya sentimita 80 vinatosha kutengeneza kichanja cha viatu. Kwangu ni mchana mmoja wa saidia fundi na rangi iliyobaki kwenye kopo. Juzi nilimwonyesha mama mmoja picha ya kichanja hicho kwenye simu wakati bado tunavutana juu ya elfu tano ya kila dirisha. Akaitazama, akauliza, "Na viatu vya gumbuti vitaingia?" Nikamwambia safu ya chini nitaiacha wazi. Akafungua mkoba.