Makumbi hayatoi gesi ya kupikia

Nimeulizwa tena, safari hii na mzee wa Mkoani, Pemba, mwenye rundo la makumbi ya nazi: nimjengee mtambo wa biogesi, aulishe makumbi, apate moto wa bure. Jamani, hapana. Saruji ni ghali mno kwa kujaribia jambo hili.

Watu wanaamini kwamba taka yoyote ya shamba ukiifungia tangini itatoa gesi. Biogesi ni kazi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, nao hula wanga, sukari, mafuta na protini. Makumbi yamejaa lignini, kile kitu kinachoupa mti ugumu, ambayo bakteria hao hawaiwezi. Mwenye shaka awaulize kina mama wa Paje na Jambiani wanaosokota kamba. Huyafukia makumbi kwenye tope la pwani kwa miezi, na wakiyafukua, kilichooza ni ile gundi inayoshikanisha nyuzi tu. Nyuzi ni nzima, ndiyo maana kamba ikapatikana. Sasa tangi lako litafanya nini ambacho tope la pwani limeshindwa?

Tangini tieni samadi mbichi ya ng'ombe, maganda ya muhogo na ndizi, mabaki ya jikoni. Maganda yakizidi samadi, tangi huchachuka na gesi hukatika.

Wapemba wenzangu huniuliza pia kuhusu makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Konyo na jani la mkarafuu vina yujenoli, mafuta yale yale yanayotuliza jino, na yanaua bakteria. Mabaki ya kiwanda cha makonyo cha Wawi yameshapitishwa mvuke, lakini mvuke hautoi mafuta yote. Mimi siyatii tangini. Yakaushwe, yachomwe.

Makumbi na vifuu vya nazi navyo ni vya moto. Kilo nne za vifuu vikavu, vikichomwa kwa hewa kidogo ndani ya pipa, hutoa takriban kilo moja ya mkaa mzuri wenye majivu machache. Mkaa wa makumbi ni mwepesi. Husagwa, ukachanganywa na uji wa muhogo, ukashindiliwa, ukaanikwa mpaka ukauke kweli kweli. Kila kilo ya maji inayobaki ndani hula kiasi cha megajuli 2.3 kugeuka mvuke, na sufuria bado haijapata kitu. Makapi ya mpunga yanawaka pia, ila karibu sehemu ya tano ya uzito wake hubaki majivu.

Kuna jambo linalonisumbua, na kwenye semina silisikii. Makumbi yana potasiamu nyingi, na mnazi unaihitaji mno. Wazee waliokuwa wakiyapanga shinani walikuwa wakiirudisha ardhini, na unyevu wakiuhifadhi. Tukiyachoma yote na kumwaga majivu jalalani, tunalikamua shamba. Sina kipimo kimoja cha kumpa kila mtu, kwa sababu udongo hutofautiana sana. Kwenye mchanga mtupu huwaambia wenye shamba wachukue vifuu tu, makumbi yabaki shinani, na majivu ya seredani, yaani jiko la mkaa, yarudishwe hapo hapo.