Kifaduro: yanayosemwa Moshi na ukweli wake

Desemba inapokaribia, mabasi kutoka Dar es Salaam hushusha watu Moshi mchana na usiku, na wengi wanaopanda Kibosho, Machame au Marangu wana kichanga cha kwenda kukiona. Mtoto wa wiki tatu atapakatwa na shangazi, mjomba, binamu na majirani, na katika wote hao hakosekani anayekohoa. Kifaduro, ugonjwa wa kukohoa mfululizo, hujificha humo, na baadhi ya tunayoyaamini yanakisaidia kujificha.

Kubwa kuliko yote ni hili: kifaduro ni cha watoto, mtu mzima haugui. Anaugua. Kinga ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita. Makadirio ya watafiti ni kwamba hudumu miaka 4 hadi 12. Hata aliyewahi kuugua hana kinga ya maisha, kwani kwake makadirio ni miaka 4 hadi 20. Kwa hiyo bibi anayesema "mimi kilinipata nikiwa mdogo, hakinirudii" anaweza kukipata tena na asijue. Mtu mzima mara nyingi hatoi ule mlio wa kuvuta pumzi baada ya kukohoa mfululizo. Anakohoa tu wiki baada ya wiki, analaumu vumbi au baridi ya mlimani, na shughuli zinaendelea. Baridi ya Julai haileti kifaduro. Kinaletwa na bakteria, Bordetella pertussis, ambaye watafiti Jules Bordet na Octave Gengou walifanikiwa kumwotesha maabara mjini Brussels mwaka 1906. Hupita hewani kutoka kwa anayekohoa, na penye watu wasio na kinga mgonjwa mmoja anakadiriwa kuambukiza wengine 12 hadi 17.

"Huyu hatoi mlio, basi si kifaduro." Dhana hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu inachelewesha mama kutoka nyumbani. Kichanga hana nguvu za kutoa mlio huo. Pengine hata hakohoi sana: anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, analegea, anashindwa kunyonya, midomo na ulimi vinabadilika rangi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali ya Mawenzi, ya KCMC au kituo chochote cha afya kilicho karibu, usiku uleule.

Wengine hujipa moyo kwamba mama alichomwa sindano akiwa mjamzito, kwa hiyo mtoto amekingwa. Sindano inayotolewa kliniki za wajawazito hapa kwetu ni ya pepopunda na dondakoo, kifaduro hakimo. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro mwaka 2012, mwaka ambao watoto wachanga 14 walikufa huko, na tathmini iliyochapishwa 2014 ilionyesha chanjo hiyo iliwakinga watoto wa chini ya miezi mitatu kwa takriban asilimia 90. Mama wa Pasua au Majengo, hapa Moshi, hana kinga hiyo ya kumpa mwanawe. Mtoto wake hubaki wazi hadi wiki ya 6, atakapopata dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, na kinga hujengeka kwa dozi za wiki ya 10 na ya 14. Ukichelewesha tarehe za kwenye kadi kwa sababu mtoto ana mafua kidogo, unarefusha kipindi cha hatari. Mafua madogo hayazuii chanjo.

Halafu kuna hili la kusema chanjo yetu inaleta homa kwa kuwa ni duni, eti wenzetu wa Ulaya na Marekani wana iliyo bora. Ni kweli wao wana tofauti. Sehemu ya kifaduro katika Penta yetu imetengenezwa kwa bakteria kamili waliouawa, ilhali ya kwao ina vipande vichache tu vya bakteria, na ndiyo maana homa na maumivu yake ni pungufu. Lakini homa ya siku moja au mbili si kipimo cha ubora. Katika utafiti uliofanyiwa nyani huko Marekani na kuchapishwa 2014, nyani waliopewa chanjo ya vipande hawakuugua sana, ila bakteria waliendelea kukaa kooni mwao na wakawaambukiza wenzao. Waliopewa ya bakteria kamili waliouawa waliwaondoa bakteria haraka zaidi. Nyani si binadamu, lakini matokeo hayo yanasaidia kueleza kwa nini kifaduro kimerudi katika nchi tajiri zenye chanjo.

Na kuogopa chanjo kuna gharama yake. Japani ilikuwa na wagonjwa 393 mwaka 1974, hakufa hata mmoja. Vifo vya watoto wawili baada ya kuchanjwa vilizua hofu, watu wakaacha kuchanja, na mwaka 1979 wagonjwa walizidi 13,000, wakafa 41.

Kuhusu tiba za nyumbani sina mengi. Maziwa ya punda, yanayosifiwa sana pande za Arusha, hayaui bakteria huyu. Asali ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli yake mpaka ashindwe kupumua.

Dawa ipo, azithromaisini au erithromaisini, ya kuandikiwa na daktari. Ikianza mapema inapunguza makali. Ikichelewa, kikohozi hakikatiki hata bakteria wakifa, kwa sababu sumu yao imeshaharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, na hivyo huchukua wiki nyingi kupona. Bado haipotei bure: baada ya siku tano za dawa mgonjwa haambukizi tena. Asipotumia, anaweza kuambukiza hadi wiki tatu tangu kikohozi kianze. Nyumba yenye kichanga, wote wanaoishi na mgonjwa waulize hospitali kuhusu kupewa dawa hiyo hata kabla hawajaanza kukohoa.