Kwa nini dawa ya usingizi humchoma mtoto mkononi

Msimu wa maembe ukianza Tabora, sisi wa chumba cha upasuaji hatuhitaji kwenda sokoni kujua. Watoto wanapanda, matawi yanakatika, na viwiko vilivyovunjika vinaanza kuingia wodini. Mimi ni mtaalamu wa usingizi: namlaza mtoto kabla daktari wa mifupa hajamgusa, na ni juu yangu aamke salama. Swali ninaloulizwa sana na akina mama linahusu dakika ile ya kwanza. Kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, ilishawekwa tangu wodini, mtoto alikuwa ametulia, mbona dawa ilipoanza kuingia alipiga ukelele uliosikika hadi mlangoni?

Alipiga ukelele kwa sababu aliumia. Hakuwa anadeka.

Dawa yenyewe ni propofoli, ile nyeupe. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1986 na leo ni kati ya dawa za usingizi zinazotumika zaidi duniani, kwa haki kabisa: mtoto analala haraka, anaamka bila kulewalewa sana, na kichefuchefu ni kidogo. Tatizo ni kwamba haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana huchanganywa na mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai, na weupe wake unatoka huko. Sehemu kubwa ya dawa hukaa ndani ya vitone vya mafuta bila kumsumbua mtu. Kinachochoma ni ile sehemu ndogo inayobaki huru kwenye maji. Inagusa ukuta wa ndani wa mshipa na kuamsha neva za maumivu papo hapo. Kisha, baada ya sekunde kumi hadi ishirini, huja wimbi la pili, kwa sababu mwili umetoa kemikali zake, bradikinini ikiwamo, zinazoutanua mshipa na kuufanya uhisi zaidi. Watoto wakubwa huniambia mkono unawaka moto kuanzia kwenye kanula kupanda juu.

Bila kinga yoyote, watu wazima wapatao 6 kati ya 10 hulalamika. Kwa watoto, tafiti mbalimbali zimeripoti kuanzia asilimia 28 hadi 85, na sishangai. Mshipa wa mgongo wa kiganja cha mtoto wa miaka minne ni mwembamba, damu inapita taratibu, hivyo dawa inagusa ukuta kwa muda mrefu kabla ya kuzimuliwa. Tena, kwa kila kilo ya uzito, mtoto anahitaji dawa nyingi kuliko baba yake.

Wapo wenzangu wanaosema, "Si atalala sasa hivi? Hatakumbuka." Hoja hii siipendi hata kidogo. Kwanza, wengine wanakumbuka, na mtoto wa kiwiko atarudi baada ya wiki chache kutolewa waya zinazoshikilia mfupa. Utamwona anavyoficha mkono nyuma ya khanga ya mama yake. Pili, mkono ukivutwa ghafla kanula inachomoka, nawe una mtoto nusu amelala, nusu macho, analia, mate yamejaa kooni, na huna njia ya dawa. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuanza kutafuta mshipa mwingine.

Dawa ya maumivu haya ipo, na ni ya bei ndogo. Mapitio ya mwaka 2011, yaliyokusanya majaribio 177 na watu wazima zaidi ya 25,000, yalionyesha mambo mawili yanayosaidia kuliko mengine: kutumia mshipa mkubwa wa kwenye kunjo la kiwiko, au kutanguliza lignokeini, dawa ya ganzi, huku mshipa umebanwa.

La kwanza linasemwa kirahisi. Wodini kanula ya kiwiko haidumu: mtoto anakunja mkono, inaziba, muuguzi anaitwa usiku. Ndiyo maana wanaiweka kwenye kiganja na kuifunga juu ya kipande cha boksi. Siwalaumu. Ila nikimkuta mtoto ana mshipa mzuri kiwikoni kwenye mkono usiovunjika na bado hajachomwa popote, naomba waniachie huo.

La pili nalifanya karibu kila siku. Chukua mtoto wa kilo 15. Lignokeini ya nusu miligramu kwa kilo ni miligramu 7.5, kwa chupa ya asilimia 2 hiyo haifiki hata nusu mililita. Naangalia lebo mara mbili, kwani lazima iwe lignokeini peke yake, isiyochanganywa na adrenalini. Msaidizi anaushika mkono juu ya kanula na kuubana kwa kiganja chake (mpira wa kufungia nao unafaa, ila watoto wanauogopa), mimi naingiza lignokeini, tunamhoji habari za shule au mpira kwa dakika moja hivi, kisha anaachia na propofoli inafuata. Ganzi imeshashika ndani ya mshipa.

Wengine huchanganya lignokeini na propofoli kwenye bomba moja la sindano. Inasaidia pia, mradi isizidi miligramu 20 kwenye miligramu 200 za propofoli na itumike hapo hapo. Kuandaa mabomba ya siku nzima asubuhi ni hatari: vitone vya mafuta huanza kuungana, na mchanganyiko huo wenye mafuta ni chakula kizuri cha bakteria.

Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, haichomi hivyo mshipani, na hospitali nyingi za wilaya zinaitegemea, ingawa huleta mate mengi na ndoto za ajabu. Gesi kama halotheni humlaza mtoto bila sindano kabisa, lakini mtoto aliyeanguka mwembeni na tumbo limejaa maembe simlazi kwa gesi, maana mvunjiko huchelewesha chakula tumboni na anaweza kutapika hadi mapafuni. Rokuronia, ya kulegeza misuli, nayo huchoma: mtoto aliyekwisha lala utaona mkono wake unajikunja wenyewe.

Maumivu ya propofoli hayavimbishi mkono. Ukiona mahali pa kanula panavimba, dawa imetoka nje ya mshipa, na hapo tunasimama.

Kwa mama na baba: upasuaji wa kupangwa ukiwa asubuhi, msimnyime mtoto maji tangu jioni. Uji na maziwa ni chakula, hivyo visimamishwe mapema kama mlivyoelekezwa, lakini maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa hadi zikibaki saa mbili upasuaji uanze, isipokuwa mmeambiwa vingine. Mtoto aliyekauka, mishipa yake inajificha, tunaishia kwenye ule mwembamba kuliko yote. Na tafadhali acheni kuwatishia nyumbani kwamba wakilia daktari atawachoma sindano. Mwambieni mkono unaweza kuuma kidogo, kisha atalala. Akifika kwangu anajua hivyo, anauliza mwenyewe kama dawa ya ganzi imeshawekwa, nami namwonyesha bomba.