Virusi vipya vya mbu na homa yako: maswali tunayoulizwa kila msimu wa mvua

Nimesikia watafiti wamegundua virusi vipya kwenye mbu. Vitaniambukiza?
Kama ni virusi mahususi vya wadudu, hapana. Vinaishi ndani ya mbu, na mama mbu huvirithisha wanawe kupitia mayai. Kwenye seli za binadamu havizaliani.

Watafiti wanajuaje?
Mbu husagwa, majimaji yake yakawekwa kwenye seli za mbu na kwenye seli za tumbili. Kirusi kikistawi kwa mbu peke yake, picha inaanza kuonekana. Kenya tuna mfano mzuri: kirusi cha Mto Kamiti, kilichoelezwa mwaka 2003. Kilitoka kwa mbu aina ya *Aedes macintoshi*, waliokusanywa wangali viluwiluwi kwenye mabonde yaliyofurika maji. Baadaye husomwa vinasaba na kulinganishwa na vya virusi vinavyojulikana, ndipo kirusi kipangiwe ukoo. Hiki kikaangukia *Flaviviridae*, ukoo wa dengue na homa ya manjano. Hapo ndipo watu wanaposhtuka bure: kuwa ukoo mmoja na dengue hakukifanyi kiwe dengue.

Kwa hiyo mbu wa sasa si wa kuogopa sana?
Nani kasema? *Aedes* anayeuma mchana ndiye anayeeneza dengue, Zika na chikungunya, na hiyo chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania, nyanda za Wamakonde, mwaka 1952. Anayetuletea wagonjwa ni huyo, tena wengi wao wanafika wakiwa wamechelewa.

Nina homa. Nimemeza dawa mseto na kuchomwa diklofenaki dukani. Si inatosha?
Haitoshi. Dawa mseto ni ya malaria, na malaria hupimwa, haibahatishwi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni hatari kama homa hiyo ni dengue, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kutoka damu. Kabla hujapimwa, tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, kunywa maji mengi, kisha njoo kituoni upimwe.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nirudie dawa mseto?
Usirudie. Majibu hayo yanasema tafuta chanzo kingine cha homa. Hayasemi kipimo ni kibovu, ingawa ndivyo tunavyoambiwa kila siku dirishani.

Siku ya nne homa imeshuka. Si nimepona?
Hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa dengue, siku homa inaposhuka ndizo siku za hatari. Mishipa huvujisha maji, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hupungua, presha inaweza kuporomoka. Ukiona tumbo linauma sana, unatapika mfululizo, fizi au pua zinatoa damu, choo ni cheusi, au mgonjwa amelegea na mikono imepoa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nikisubiri mpaka kesho asubuhi?
Usisubiri. Hata kama hana homa. Hata kama jirani alipona kwa maji ya majani ya mpapai.

Chandarua ninacho, si kinanilinda?
Usiku, ndiyo, dhidi ya mbu wa malaria. Huyu wa mchana anazaliana kwenye ndoo, pipa lisilofunikwa na tairi lililo nyuma ya nyumba. Mwaga maji hayo leo, na angalau mara moja kila wiki.