Miwani "isiyoshika ukungu" kwenye easofti: maana yake hasa

Easofti ni mchezo wa kulengana kwa bunduki za kuigiza zinazofyatua gololi za plastiki, na miwani hulinda macho. Maandishi ya "haishiki ukungu" kwenye boksi la miwani hiyo yanamaanisha ukungu umecheleweshwa tu. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, lenzi hupewa alama ya N ikistahimili mvuke wa maji ya moto kwa sekunde 8 bila kufifia. Sekunde nane, basi!

Ukungu ni umande. Uso wenye jasho na pumzi hutoa mvuke. Mvuke ukigusa lenzi yenye ubaridi hugeuka vitone vidogo vinavyotawanya mwanga. Ndiyo maana katika misitu ya Uingereza wakati wa baridi, miwani hufifia zaidi pale mchezaji anapojibanza nyuma ya mti baada ya kukimbia: mwili bado unachemka, na upepo wa mbio umekatika.

Kinga ya kwanza ni utando unaovuta maji, ambao hutandaza vitone viwe tabaka jembamba linalopitisha mwanga. Huwa upande wa ndani na ni laini, hivyo kuufuta kwa fulana ndiko kunakouua. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, kung'uta, acha ikauke yenyewe. Spiriti usiiguse.

Lenzi mbili hufanya kazi vizuri zaidi. Hewa iliyofungiwa kati yake huzuia ubaridi wa nje usifike lenzi ya ndani. Gundi ya pembeni ikiachia, unyevu huingia katikati, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hapo badilisha lenzi.

La tatu ni hewa: matundu juu na chini, au feni ndogo ya betri. Sponji ya fremu iliyolowa jasho huziba njia hiyo. Barakoa ya mdomo nayo husukuma pumzi juu moja kwa moja hadi kwenye lenzi, na mara nyingi huyo ndiye mchawi wakati miwani inalaumiwa bure. Ishushe kidogo, au chagua yenye matundu mbele ya mdomo.

Wavu wa chuma unaowekwa badala ya lenzi haushiki ukungu hata kidogo, ila gololi mbovu ikipasuka, vipande vyake hupenya. Kwa macho, tusingeupendekeza.

Lakini N haisemi lolote kuhusu nguvu ya lenzi kustahimili kugongwa; hiyo huonyeshwa na alama nyingine, kama F na B. Sheria ya Uingereza ya 2017 inaruhusu bunduki za easofti hadi jouli (kipimo cha nishati) 1.3 kwa zinazofyatua mfululizo, na 2.5 kwa za risasi mojamoja. Alama ya F ya EN 166 hupimwa kwa gololi ya chuma ya gramu 0.86 inayokwenda mita 45 kwa sekunde, yaani takriban jouli 0.87. B ni mita 120 kwa sekunde, takriban jouli 6.2. Chuma na plastiki havigongi sawasawa, lakini B inaacha nafasi ya kutosha. Miwani ya kawaida yenye mikono ya masikioni haifiki B. Inayofunika macho yote na kufungwa kwa mkanda inaweza. Tafuta B na N pamoja, kwenye fremu na lenzi yenyewe. Boksi lisikudanganye.

Ukungu ukikushinda katikati ya mchezo, usiinue miwani kuifuta, hata kwa sekunde moja. Jitangaze umetoka, nenda hadi eneo salama, ndipo uivue.